Mshika Kamba wa Sikioni

Jumanne, 3 Machi. Wingu zito.

Mimi sijaanguka hata siku moja maishani mwangu. Miaka arobaini nimening'inia kwenye kuta za watu kwa ubao na kamba, nikipaka rangi mahali ambapo hata kunguru hufikiri mara mbili kabla ya kutua, na sijaanguka. Waulize.

Haya, msiwaulize. Leo asubuhi nimeanguka bafuni, povu la sabuni limejaa usoni, uchi kama nilivyozaliwa. Nilishika pazia, pazia likashika hewa. Wiki iliyopita nilianguka kando ya kitanda. Na kabla ya hapo pia, lakini ile haimo kwa sababu niliangukia nguo chafu.

Mwandishi wa haya aliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zikilala upande msizicheke, nazo zina matatizo yao ya kusimama. Wala si mimi niliyetaka kuandika. Ni daktari, binti mdogo wa umri lakini macho yake yanapekua kama mtu wa forodha. Alisema, "Babu, kila ukiinuka, andika umeinukaje. Ukianguka, andika ulikuwa unafanya nini." Nikamwambia nitaandika, ila asitafute adabu humu ndani. Akasema yeye hatibu adabu.

Habari nyingine ni ya binti yangu wa kumzaa, mshonaji wa sare za shule, anayekata maneno kama anavyokata kitambaa. Amesema: "Baba, mvua hizi zikiisha na bado unaanguka, unahamia kwangu. Chumba hiki tunakirudisha kwa mwenye nyumba." Kwake ni pazuri. Chakula kwa wakati, wajukuu, televisheni. Lakini dirisha lake linatazama ukuta. Dirisha langu linatazama tangi la maji la mji, lile jeupe lenye miguu mirefu, nililolipaka mimi kwa mkono wangu mara tatu. Marehemu mke wangu alifunga macho yake akilitazama. Sihami.

Nani kamwambia naanguka? Shemeji. Yule wa chumba cha chini. Nitamshughulikia kesho.

Alhamisi, 5 Machi. Mvua.

Nimeinuka. Kichwa kikaenda matembezini, kikarudi. Shemeji sijamshughulikia, kwa sababu ndiye aliyeleta mkate.

Jumapili, 8 Machi. Mvua, jua, mvua.

Leo nimsengenye vizuri, kwa vile amekwenda kunyolewa.

Huyu shemeji ni kaka wa marehemu mke wangu. Mtaa mzima unamwita Kimya. Mimi wananiita Popo, kwa ile kazi ya kuning'inia. Tulifanya kazi pamoja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi: mimi juu, yeye chini. Kamba ilifungwa kwenye ubao wangu wa kukalia, ikapanda hadi kwenye gurudumu lililofungwa juu kabisa, ikateremka hadi mikononi mwake. Nikisema shusha, anashusha. Nikisema pandisha, anapandisha. Nisiposema kitu, anatazama wapita njia. Ndiyo kazi hiyo. Mshika kamba.

Juu ndiko kulikokuwa na kazi ya mwanamume. Mkono wa kulia brashi, wa kushoto ndoo, upepo unakuuliza jina lako. Pale chini ya paja la tangi, mahali brashi isipofika, ilikuwa lazima usimame juu ya ubao wenyewe. Msimamizi wetu wa kwanza alitufundisha: fumba macho, simama, ndipo ufumbue. Ukisimama huku unaona ardhi inacheza, miguu nayo itataka kucheza. Nimesimama hivyo sijui mara ngapi. Na chini huko shemeji yangu kaegemea nyuma, kashika kamba kama mtu anayechunga mbuzi.

Nimemtania miaka yote: "Shemeji, tangi nimelipaka mimi. Wewe umepaka nini?" Hajibu. Anatikisa kichwa kama anafukuza nzi.

Sasa uzeeni amepata kazi ya upelelezi. Kila asubuhi nikifungua mlango yupo pale chini ya ngazi, mkono kwenye reli, anatazama juu.

"Unangoja nini?"

"Hakuna."

"Unangoja nianguke ukamwambie mpwa wako?"

"Shuka, chai inapoa."

Jumatano, 11 Machi. Mvua nyembamba.

Hospitali siku nzima. Moyo wangu wameusikiliza, wakasema ni wa kijana. Nikasema, basi nirudishieni na vile vingine vya kijana. Nesi akanipiga bega kwa faili.

Daktari akaniambia atanimwagia maji sikioni, kwanza ya baridi, kisha ya moto. "Babu, dunia itazunguka. Ukitaka kutapika, beseni hili hapa. Mimi nipo." Nikashika kingo za kitanda. Maji ya baridi yakaingia. Nikangoja dunia izunguke. Dunia imekaa tu, kama mgeni asiyetaka kuaga. Ikaja zamu ya maji ya moto. Hola. Sikio la pili, vilevile.

Nikamwuliza, "Sabuni hamweki?"

Nesi alicheka. Daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa, na mimi najua daktari akivuta kiti, mambo yamekuwa mambo.

"Babu, uliwahi kuchomwa sindano kali kwa muda mrefu?"

Mwaka jana, kifua. Nilichomwa hadi makalio yakawa kama chujio.

"Na tangu wakati huo, ukitembea barabarani, maandishi ya mabango hutikisika?"

Nikaduwaa. Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Nilidhani ni hawa vijana wa siku hizi hawajui kuandika mabango.

Ndipo akanieleza, na mimi nikasahau kabisa kumtania. Kasema ndani kabisa ya sikio, nyuma ya pale panaposikia, kuna vijifereji vitatu vilivyopinda kama pete, vimejaa maji. Ukigeuza kichwa, maji yanabaki nyuma kidogo, na kule kubaki nyuma ndiyo habari. Kando yake kuna kitanda cha vinywele, na juu ya vinywele kumemwagwa vijiwe vidogo kuliko vumbi. Ukiinamisha kichwa, vijiwe vinaserereka, vinywele vinapinda, na ubongo unajua juu ni wapi na chini ni wapi.

"Vijiwe vya nini?"

"Vya chokaa, babu."

Chokaa! Mimi, niliyekula chokaa, niliyelala na chokaa kwenye kope, nimezaliwa na chokaa yangu mwenyewe sikioni! Na sikio lenyewe nililidhani ni la kutundikia kalamu na kusikia umbea.

Sindano zile zimeniponya kifua, akasema, lakini zimeunguza vinywele. Vya masikio yote mawili. Havioti tena.

Nikauliza, kuyumba nimeelewa. Lakini mimi siyumbi tu. Mimi nikisimama macho yanaingia giza, mwili unakuwa maji. Hiyo si presha? Sikio na presha wana udugu gani?

Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali alilokuwa analingoja tangu shuleni. "Hapo ndipo penye utamu, babu. Njoo tarehe ishirini na nne, nitakuonyesha."

Alhamisi, 12 Machi.

Leo nimemkamata kuku wa jirani, nikamshika kiwiliwili, nikamwinamisha mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kichwa kimebaki palepale, kimesimama hewani kama msumari; chokaa ya sikioni mwake iko kazini. Nikamtazama, akanitazama. Wallahi nilisisimka. Jirani akatokea: "Mzee Popo, kuku wangu kakukosea nini?" Nikamjibu namsomesha sayansi. Akasema kuku akiacha kutaga nitataga mimi.

Jumatatu, 16 Machi. Mvua.

Nimeinuka vizuri. Bafuni vibaya, lakini nilikuwa nimeshika bomba.

Ijumaa, 20 Machi. Mvua kubwa.

Nimeanguka kando ya kitanda. Mchana kweupe, pazia wazi, sijatia sabuni, sijafanya kosa lolote. Nilikaa kitako kama daktari alivyosema, nikangoja, nikasimama, giza, chini.

Cha kuudhi si kuanguka. Cha kuudhi ni kwamba sijamaliza hata kutukana, mlango umefunguka, na Kimya yumo ndani.

"Umetoka wapi wewe?"

"Chini."

"Umepanda ngazi zote hizo wakati mimi naanguka? Una mabawa?"

Akaniinua bila kujibu. Baadaye nikasikia anaongea na binti yangu kwa simu, maneno machache. Mchana binti kaja, kakitazama chumba kwa jicho la kupima, hivi anavyompima mtoto bega kabla ya kukata shati. Kabati lile litapita mlangoni? Kitanda kitafunguliwa? Hajasema. Lakini nimemwona anahesabu kwa midomo.

Jumanne, 24 Machi. Mawingu, hayakunyesha.

Andika vizuri, mkono wangu, leo si siku ya kulipua kazi.

Kuna kitanda pale hospitali kinachoinuka upande wa kichwa hadi mtu anakuwa wima, huku amefungwa mikanda. Nililazwa, nikafungwa kama mzigo wa kupelekwa mbali. Mkononi kipimo cha presha, kifuani nyaya. Wanafunzi wa udaktari wamejipanga ukutani, wananitazama kama kuku wa jirani.

Daktari akasema, nyie sikilizeni, na babu asikilize. Mtu akilala, damu imetulia kama maji kwenye mtaro. Akisimama, inataka kukimbilia miguuni. Shingoni kuna mishipa inayopima presha. Ikiona imeshuka inapiga kelele, moyo unakaza mwendo, mishipa ya miguu inabana, damu inarudishwa kichwani.

"Lakini," akasema, "hiyo ni kelele ya baada ya paa kuvuja. Sikio halingoji. Kichwa kikianza tu kuinuka, vijiwe vimeshaserereka, habari imeshafika kwenye shina la ubongo, hapa." Akanigusa nyuma ya kichwa, juu ya shingo. "Ni kama unene wa kidole gumba tu. Na shina limeshaamuru mishipa: baneni, mwenye nyumba anasimama. Kabla damu haijashuka."

"Kabla?" nikauliza.

"Kabla, babu."

Nimekaa na neno hilo tangu asubuhi. Maisha yangu yote nimeinuka kitandani nikauliza chai iko wapi. Nimeinuka nikiwa nimelewa, nimeinuka nikiwa na hasira, nimeinuka nikakimbilia mkojo. Hakuna hata siku moja niliyosema, enyi mishipa ya miguu, jitayarisheni, natoka. Na kila mara mtu fulani ndani yangu, asiyenijua jina, asiyelala, ameshanisemea. Usione vyaelea, vimeundwa. Mimi nimejiona fundi kwa kupaka tangi! Ningepewa kazi ya kusimamia kusimama kwangu mwenyewe kwa siku moja tu, ningekufa kabla ya kifungua kinywa.

Wakaniinua macho wazi. Presha ikashuka kidogo, ikajirekebisha. Wakanilaza. Wakanifunika macho kwa kitambaa, wakaniinua tena. Safari hii nilihisi chumba kinatoka ndani yangu kwa miguu. Nikasikia daktari anasema, "Mshusheni, mshusheni." Nilipopata akili, uso wake ulikuwa juu yangu, na ulikuwa unang'aa.

"Umeona, babu? Masikio yamestaafu, macho yakashika zamu. Tukiyafunika, hakuna anayepeleka habari mapema." Akaongeza kwamba kwa binadamu bado wanajifunza, mengi ya haya yalijulikana kwanza kwa paka. Kwa hiyo kuna paka aliyenitangulia kwenye kitanda kile. Nampa pole.

Ubongo hufundishika, akasema. Macho, nyayo, hata tumbo, vinaweza kujifunza sehemu ya kazi ya masikio. Kanipa mazoezi: nichague kitu cha mbali, nikikazie macho huku nageuza kichwa. Nimechagua tangi langu.

Nikamwuliza, "Daktari, wewe mwenyewe umeshalala hapa ukainamishwa?"

"Bado, babu."

"Unampikia mtu chakula usichokionja?"

Wanafunzi wakacheka. Akasema, "Haya. Siku nitakapokuruhusu uende zako, utaniinamisha mimi." Wanafunzi ni mashahidi.

Lakini kuna jambo lililomtatiza, nikamwona analizungusha kichwani. Bafuni nimefumba macho kwa sababu ya sabuni, sawa. Kwa nini naanguka kando ya kitanda, mchana, macho yakiwa wazi? Akaniuliza. Kimya alikuwa mlangoni ameshika viatu vyangu. Alifungua mdomo, akaufunga.

Ijumaa, 27 Machi. Mvua.

Mazoezi. Tangi, kichwa kushoto, kulia. Tangi linatikisika kama jino bovu.

Jumatatu, 30 Machi. Mvua.

Tangi. Kushoto, kulia. Mvua imelificha. Nimelitazama mahali lilipo.

Jumatano, 1 Aprili.

Nimeinuka. Giza, likapita. Radio inasema mvua zinaelekea ukingoni. Nimeizima radio.

Jumamosi, 4 Aprili. Mvua kubwa kuliko zote.

Nimeshonwa juu ya nyusi. Pembe ya meza. Damu ilijaa jicho, nikaanza kumwita marehemu, halafu nikaona ni Kimya aliyenishika, tena ameshanishika, sijui alifikaje.

Binti alipofika alikuwa amelowa, na kwapani ana magunia. Hakulia wala hakugomba. Alianza kukunja nguo zangu.

"Mvua hazijaisha," nikamwambia.

"Baba, nyusi yako imeisha."

"Tulikubaliana mvua ziishe."

"Nikungoje ufe kwa makubaliano?" Akaweka shati la kwanza kwenye gunia. Akalitoa, akalikunja upya, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba huyu mtoto hanitaki kwake kwa ubabe. Anaogopa simu. Kila simu inayolia huko dukani kwake, sindano inasimama.

Nikaangalia dirishani, mvua imelimeza tangi. Nikasema moyoni, Popo, umekwisha.

Ndipo Kimya akasema, "Anafumba macho."

Tukageuka wote. Ni kama kabati limeongea.

"Mjomba, unasema?"

"Akitaka kusimama. Anafumba."

Nikapandwa na hasira. "Mimi? Mimi nafumba macho chumbani mwangu? Umeniona lini?"

"Sijakuona."

"Sasa?"

Akatoka. Tukasikia viatu vyake ngazini, chini, halafu juu tena. Alirudi na kamba. Ile kamba yenyewe, ina madoa meupe ya tangi. Miaka yote hii ilikuwa chini ya kitanda chake, na mimi sikujua kama ipo. Alinifunga kiunoni, fundo lile lile. Akachukua kigoda akakiweka mlangoni, akakaa akinipa mgongo, uso ameuelekeza nje. Kamba kaipitisha begani, kaishika kwa vidole viwili, hivi unavyoshika uzi wa sindano.

"Inuka unapotaka," akasema. "Usiniambie."

Nikaona nimfanyie ujanja. Nikainama kama nainuka, nikarudi. Hakutikisika. Nikakohoa, nikasogeza mguu. Hakutikisika. Binti amesimama na suruali yangu mkononi, ananitazama usoni. Basi nikaamua kweli nasimama, na makalio hayajaachana na godoro, Kimya akasema kule mlangoni:

"Amefumba."

Binti akapiga ukelele. "Mungu wangu, baba! Umefumba kweli!"

Nikafumbua. Kwa sababu yalikuwa yamefumba! Wala sikujua. Naapa kwa kaburi la mama yangu, sikujua. Fumba macho, simama, ndipo ufumbue. Msimamizi yule amekufa zamani, lakini kope zangu bado zinamtii. Kila asubuhi nainuka kitandani kana kwamba chini yangu kuna mji.

"Umejuaje?" nikamwuliza.

Bado ametupa mgongo. "Ukifumba, unabana pumzi. Ukibana pumzi kamba inakuwa nzito kidogo. Halafu unasimama. Miaka yote."

"Na wewe? Ulikuwa unafanya nini?"

"Naegemea nyuma."

"Nikishasimama."

"Kabla."

"Kabla?"

"Ukishasimama nimechelewa."

Nikaiona ile picha upya: mimi juu nimefumba macho, najisifu moyoni, na chini kule mtu ameshaweka uzito wake wote nyuma, kwa ajili ya hatua ambayo bado sijaipiga. Ubao haukuyumba, nami nikadhani ubao una tabia nzuri. Miaka arobaini nikiuliza umepaka nini.

"Na asubuhi?" nikasema mwishowe. "Pale chini ya ngazi?"

"Kitanda chako kinalia kabla hujainuka. Kipo juu ya kichwa changu."

Binti alikaa juu ya gunia. Kisha akasema, "Mpaka mvua ziishe," akairudisha suruali kabatini. Magunia ameyaacha.

Jumatatu, 6 Aprili. Mawingu.

Daktari alisikiliza yote, akaniambia nirudie, akaandika. Halafu akacheka hadi akavua miwani.

"Babu, masikio yako yakiwa mazima ungeweza kufumba macho mpaka kiama, usingeanguka. Yalipokufa, likabaki jicho. Na wewe kila asubuhi unamfunga mlinzi aliyebaki, halafu unaita wezi."

Akamgeukia Kimya, akamwomba awaeleze wanafunzi jinsi alivyokuwa anahisi kamba. Kimya akatazama viatu vyake. "Sina la kueleza. Unashika tu."

"Hivyo ndivyo hata shina la ubongo lingejibu," daktari akasema.

Kazi sasa ni kuzifundisha kope. Kuvunja mazoea ni kama kumfukuza paka jikoni.

Alhamisi, 9 Aprili. Manyunyu.

Kamba kiunoni, Kimya mlangoni. Nimefumba. Amevuta.

Ijumaa, 10 Aprili.

Nimefumba. Amevuta.

Jumamosi, 11 Aprili. Mvua.

Nimefumba. Amevuta. Nimemwambia anavuta kama mtu mwenye kisasi. Amesema, "Kidogo." Ametania! Shemeji ametania!

Jumanne, 14 Aprili. Jua asubuhi.

Hakuvuta.

Nilikaa kitako, nyayo sakafuni, macho kwenye tangi. Pumzi ikataka kubana, nikaiachia. Nikainuka macho wazi, na jamani, sijui kama nitaweza kuandika. Nimepaka rangi juu ya mji huu, lakini kusimama kwenyewe sikuwahi kukuona. Dirisha likateremka. Tangi likaja polepole kutoka nyuma ya paa, bega, tumbo, miguu, jeupe kama yai. Sakafu ikanisukuma nyayo. Nikahisi, au nilidhani nahisi, miguu inabana, kule ndani, amri imetoka mapema, imetoka kwa jicho badala ya chokaa. Giza lilikuja hadi mlangoni, likachungulia, likaondoka.

Nikageuka. Kimya alikuwa ameegemea nyuma, uzito wote, macho yake kwenye kamba.

"Nimesimama," nikamwambia.

"Najua."

Jumamosi, 18 Aprili. Jua. Radio inasema mvua zimekwisha.

Binti kaja mapema, kaketi juu ya magunia yake. "Haya, baba."

Kimya alitaka kufunga kamba. Nikamwambia leo aiache. Akasimama tu pale mlangoni. Nikainuka, macho kwenye tangi. Nikakaa. Nikainuka tena. Kisha nikamwonyesha binti ninavyonawa siku hizi: sabuni nusu ya uso, jicho moja kazini, suuza, nusu ya pili, jicho la pili kazini. Alipoona baba yake ana povu upande mmoja kama ukuta uliokatizwa rangi, alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikageuka kidogo katikati, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Basi," akasema. "Kaa na tangi lako. Lakini mjomba ana ufunguo."

"Mjomba wako hahitaji ufunguo, huyu anapita ukutani."

Magunia kaondoka nayo. Alipofika chini ya ngazi nikamsikia anamwuliza Kimya, "Na akianguka bila mimi kujua?" Na Kimya akamjibu jambo refu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema: "Mimi nitajua kwanza, mama. Wewe shona."

Jioni tulikaa dirishani, mimi na yeye. Nikamwambia, "Shemeji, tangi tulilipaka vizuri." Akalitazama. Akasema upande wa kushoto pana pahali nilipopapita haraka.

Jumapili, 19 Aprili.

Nimeinuka.

Jumatatu, 20 Aprili. Jua kali.

Daktari, leo unalipokea daftari hili, na nesi ameshaniambia unaniruhusu niende zangu. Asante kwa yote. Nimejifunza kwako kwamba ndani yangu kuna watu wanaofanya kazi kabla sijawaomba, na nje yangu pia yupo mmoja.

Sasa lile deni. Wanafunzi walisikia. Kitanda kile nimepita nikakiona, kipo tupu, mikanda inaning'inia. Mimi nitazungusha mtambo taratibu, na Kimya atasimama upande wa miguu yako, kwa hiyo huna haja ya kuogopa. Njoo ulale mara moja tu, kabla mgonjwa mwingine hajaingia. Na kitambaa cha macho ninacho mfukoni, kisafi, amekishona binti yangu.